Ufunguo wa uwanja utakaa kwa nani?

Jumapili, usiku.

Umeme umerudi sasa hivi, na mimi bado nina Newbern kichwani. Ni kimji cha Alabama, kusini mwa Marekani, ambacho wakazi wake wote wangeenea kwenye daladala chache tu za Mbagala. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 186, ya 2020 ikakuta 133. Tangu 1993 wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Auburn wamekuwa wakienda eneo hilo chini ya mpango unaoitwa Rural Studio, ulioanzishwa na Samuel Mockbee na D. K. Ruth. Kule hawaendi kwa ziara. Wanahamia, wanachora, halafu nyundo wanashika wenyewe.

Mockbee alifariki mwishoni mwa 2001. Kazi haikufa naye, na nadhani hapo ndipo penye siri yake, kwa sababu miradi mingi huzikwa pamoja na mwenye maono. Wanafunzi wa katikati ya miaka ya 2000 waliijengea Newbern kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, jengo jipya la kwanza la umma pale baada ya zaidi ya karne moja. Waliofuata wakajenga ukumbi wa mji kando yake, kwa mbao nene zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukakamilika 2011. Mwaka 2013 jengo lililokuwa benki likageuzwa maktaba yenye intaneti. Mji jirani wa Greensboro wanafunzi hao wamekuwa wakiuongezea bustani yake kipande kwa kipande. Sehemu ya watoto kuchezea wameitengeneza kwa mapipa ya chuma yapatayo 2,000 yaliyokuwa ya mafuta ya mnanaa. Mapipa! Sisi Dar pipa likitoboka tunalifanya jiko la kuchomea mahindi, basi.

Lakini si mapipa yanayoninyima usingizi. Ni makufuli.

Mwaka 2020 mtu mmoja aitwaye Patrick Braxton alichukua fomu ya umeya wa Newbern. Hakuna mwingine aliyerudisha fomu, akapita bila kupingwa (najua msomaji wangu wa Tanzania anatabasamu hapa). Akawa meya wa kwanza mweusi katika mji ambao watu weusi ndio wengi. Baraza la zamani halikumpisha. Alifungua kesi mahakamani, na miongoni mwa madai yake ni kwamba makufuli ya ukumbi wa mji yalibadilishwa asiweze kuingia. Ukumbi ule ule wa wanafunzi, uliopigwa picha na kusifiwa na magazeti ya usanifu! Mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana nje ya hukumu kwamba yeye ndiye meya, na 2025 mji ukapiga kura, akashinda.

Siwalaumu wanafunzi. Walijenga vizuri, na zaidi ya hapo, walirudi mwaka hadi mwaka. Ila mbao, hata zipangwe kwa ustadi gani, haziamui nani ashike ufunguo.

Habari hizi nilianza kuzifuatilia kwa sababu ya vijana wa chuo walioingia mtaani kwetu na futi kamba kupima kile kiwanja cha wazi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Kilichosalia, maana upande mmoja umeliwa na gereji na mwingine na banda la mtu mwenye jamaa zake. Mjumbe wetu, mzee mpole lakini ana ulimi, alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupima tena?"

Wakacheka kwa aibu. Ni kweli, mtaa wetu umepimwa na kuulizwa maswali kuliko mgonjwa wa hospitali ya rufaa, na dawa hatujaiona. Ingawa niseme haki: kuna upimaji uliozaa kitu. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita na wakazi kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaro, njia na nyumba kwenye ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Ile haina kufuli. Haina kivuli pia, na mama mwenye mtoto mgongoni anahitaji kivuli.

Vijana hawa wa sasa, tofauti na waliowatangulia, wamerudi na mchoro. Leo mchana umebandikwa kwenye mkutano wa mtaa: mabenchi, paa la mabati, koki ya maji, ukuta mfupi na geti. Watu wakapiga makofi mpaka walipofika kwenye geti.

Mama lishe wetu akasimama. "Mwenyekiti, samahani. Masufuria yangu yanalala chini ya mwembe na hayaibiwi. Leo benchi ndilo litafungiwa?"

"Mama, masufuria ni yako, una uchungu nayo. Benchi la watu wote atalilinda nani?"

Swali zuri, na mwenyekiti hakuuliza kwa ubaya. Mwanafunzi mmoja, binti aliyekuwa kimya muda wote, akasema mabenchi yanaweza kuwa ya zege na hela ya geti ikanunua saruji. Hapo hapo geti likafutwa kwa kalamu nyekundu.

Koki ndiyo imebaki. Maji yana bili, na koki isiyofungwa itaoshea bodaboda zote za Mbagala. Mwenyekiti anataka ufunguo ukae ofisini. Akina mama wanasema ofisi inafungwa saa tisa na wao wanateka maji alfajiri, hivyo wameteua watatu miongoni mwao wapokezane na kuandika daftari. Mjumbe anaunga mkono akina mama, jambo ambalo mwenyekiti hakulitarajia. Kura ni Jumamosi, na wanafunzi wameambiwa wasimwage zege kabla ya hapo.