Mshono ndio wako

"Macho yake jamani, nimeyapenda!" Hiyo ndiyo komenti iliyokuja kwa wingi kuliko zote kwenye kazi yangu ya shindano la kolaji za mashabiki lililoisha juzi, yaani picha tunazounga kwa vipande vya picha nyingine, na siibezi, nilicheka nikafurahi, ila macho yale si yangu. Ni ya mwigizaji, na mwanga uliofanya yang'ae vile ni kazi ya mpiga picha wa ile tamthilia, mimi nimeyakuta yameshang'aa nikayahamisha tu pamoja na uso wake. Sasa usiku huu nina foleni ya kazi za wenzangu za kuandikia maoni na swali limeningang'ania, hivi kwenye kolaji ya mashabiki ni kitu gani hasa cha kusifia au kukosoa, maana karibu kila kilichomo kimetoka kwa mtu mwingine, sura ya mhusika, nguo, jengo la nyuma, mawingu, hata ile karatasi chakavu tunayopenda kuitandika juu ya kila kitu ili kionekane cha zamani.

Mimi nimeshapata jibu langu: mshono. Pale kipande kimoja kinapokutana na kingine ndipo mkono wa mtengenezaji ulipo. Utaniambia kuchagua vipande nako ni kazi yake, sawa, nakubali, lakini hata huo uchaguzi unauonea pale pale kwenye maungio, yaani kwa nini hiki kimekaa jirani na kile na si kingine. Uso peke yake ni picha ya mtu. Uso ukiungana na dirisha lililovunjika, hapo kuna mtu ameamua jambo, na huyo ndiye ninayetaka kuongea naye.

Kwa hiyo siku hizi nikifungua kazi ya mtu sianzii usoni, naanzia pembeni. Nywele kwanza. Ukimtoa mhusika kwenye skrinshoti yenye anga jeupe ukampeleka usiku, anakuja na uzi mwembamba wa weupe kuzunguka kichwa, na nywele ndizo zinazotoa siri kwa sababu hazina ukingo mmoja, kila pikseli, yaani kila nukta ya rangi, ya pembeni ni mchanganyiko wa rangi ya nywele na rangi ya kule alikotoka. Mtu akiandika "umekata vibaya" hajasaidia chochote, mwenye kazi anajua tu kwamba ameudhi mtu fulani. Akiandika "kushoto juu ya sikio bado kuna anga la picha ya kwanza" basi huyo amempa mwenzake kazi ya dakika chache na amemfundisha pa kuangalia maisha yake yote.

Halafu mwanga. Hapa ndipo karibu sisi wote tunapokamatwa. Uso umepata mwanga kutoka kulia, mwezi uko kushoto, na mtazamaji hatajua kwa nini picha inamkera ila itamkera. Wengi hukimbilia kumgeuza mhusika atazame upande wa pili, ambayo ni njia nzuri mpaka mhusika awe na kovu la shavu la kushoto na mashabiki wote wanalijua hilo kovu kuliko wanavyojua siku zao za kuzaliwa, hapo utasikia. Miguu nayo! Mtu amesimama kwenye mchanga bila kivuli chochote chini ya kiatu, anaelea. Kile kivuli kidogo cheusi kabisa pale soli inapogusa ardhi kina kazi kubwa kuliko kile kivuli kirefu cha madoido kinacholala hadi ukingoni mwa picha.

Lakini kitu ambacho naona hakisemwi kabisa kwenye maoni ni chembechembe, yaani ule mchangamchanga unaoonekana juu ya picha, na mimi naweza kuongelea hicho mpaka watu wakimbie. Mashabiki wa tamthilia za zamani wanafanya kazi na fremu za DVD, ambazo ni pikseli 720 kwa 480 au 720 kwa 576 kutegemea mfumo, ndogo mno, halafu wanambandika huyo mtu juu ya picha ya milima iliyopigwa na kamera ya kisasa yenye upana wa pikseli elfu kadhaa. Mlima unaonekana kila jiwe, shujaa anaonekana kapakwa mafuta. Na kama skrinshoti imesevuliwa JPEG mara kadhaa, vile vimiraba vya pikseli 8 kwa 8 vinaanza kutokea shingoni na kwenye kivuli cha kidevu. Watu hujaribu kumnoa shujaa, wanazidi kumharibu, wakati suluhisho lipo upande wa pili, mlima ndio upunguzwe makali, kisha leya moja, yaani tabaka moja, ya chembechembe ipite juu ya wote ili waonekane wamepigwa na kamera moja. Weusi nao hivyo hivyo, weusi wa video ya zamani ni kijivu, weusi wa picha mpya ni shimo, ukiviweka pamoja bila kuvisawazisha shujaa anakuwa kama amesimama nyuma ya kioo chenye ukungu. Ukigeuza kazi nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa muda utaliona hilo papo hapo, rangi ndizo zilizokuwa zinakuficha.

Sasa basi, kuna hatari kwenye haya yote niliyoyasema, na nimeiona kwenye shindano hili hili. Kuna mtu alileta kazi ya karatasi kabisa, mkasi na gundi, akaiskani, na kingo za karatasi zina vivuli vyembamba kwa sababu karatasi ina unene na taa ya skana ilipita juu yake. Komenti tatu nne zikamwambia "inaonekana imebandikwa." Jamani! Imebandikwa ndiyo! Yaani kuna mishono inayotaka kujificha na kuna mishono inayotaka kuonwa, na kabla hujafungua mdomo inabidi ujue unaangalia upi. Msanii Mjerumani Max Ernst alikuwa wa kuficha, alichukua michoro ya nakshi ya machapisho ya karne ya 19, akaunganisha mtu wa huku na bawa la kule, kisha kwenye kitabu chake cha kolaji cha 1929 alichapisha nakala za hizo kazi, si karatasi zenyewe, kwa hiyo jicho halioni palipokatwa na ndiyo maana zinatisha. Hannah Höch, msanii wa Berlin, alikuwa kinyume chake, vichwa vikubwa juu ya miili midogo, magurudumu, herufi za magazeti, kila kipande kinakuambia nimetoka mahali pengine. Ile kazi yake kubwa ya 1919 na 1920 ina urefu wa sentimita 114 kwa 90, na ukimpelekea Höch ushauri wa kulainisha kingo utakuwa umemwambia aache kuwa Höch. Afu mkumbuke kwamba kwenye maonyesho ya 1920 pale Berlin ya Dada, lile kundi la wasanii waliokuwa wanaipinga sanaa ya kawaida, George Grosz na John Heartfield, watu wa kundi lake mwenyewe, hawakutaka ashiriki. Alishiriki.

Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Kenya, nafikiri anafanya vyote viwili, na namtaja kwa sababu mashabiki wengi wa kolaji za miili na sura wanapita njia yake wakijua au bila kujua. Mdomo kutoka jarida la mitindo juu ya mchoro wa zamani wa kitabu cha udaktari, ukiwa mbali unaona mtu mmoja, ukisogea unaona vipande na unashtuka. Mshono wake unasubiri umbali fulani ndipo ujitokeze. Nikiona mtu wa shindanoni anajaribu hicho simwambii "kingo," namuuliza nitazame nikiwa umbali gani.

Kuhusu mashindano yenyewe nina malalamiko moja tu, ni wakati. Maoni tunayapata kura zikishafungwa. Kazi imeshawekwa, imeshapewa nafasi yake, na ndipo watu wanaanza kusema mkono ungeshuka kidogo. Mchoraji Mfaransa Matisse uzeeni, baada ya upasuaji wa 1941, alikuwa anakata karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake wanazibana ukutani kwa pini, anaangalia, anasema sogeza, wanasogeza, siku zinapita, na gundi inakuja mwisho kabisa. Pini ndiyo nafasi ya maoni. Ningefurahi sana kama waandaaji wangeweka siku mbili za kazi ambazo hazijakamilika, leya bado zimefunguka, watu waseme, ndipo zipelekwe. Najua hoja ya upande wa pili, eti majina yanafichwa mpaka mwisho ili watu wasipigie kura marafiki. Sawa, lakini kwa kweli nani hamjui nani? Yule wa fonti nyembamba na maua yaliyokauka tunamjua hata akijifunika shuka.

Kura ni jambo lingine na mimi sizihesabu kama maoni kabisa. Ukiweka wale wapenzi wawili ambao mashabiki wanawagombania kila siku, kura zako nyingi zilikuwepo kabla hujashika mkasi. Ukimweka mpishi wa meli aliyeonekana kwenye vipindi viwili, jiandae kushika mkia na kazi nzuri. Hiyo haimaanishi mapenzi ya mhusika hayana nafasi kwenye maoni. Mtu akisema "huyu asingevaa nyekundu, nyekundu ni ya familia iliyomfukuza" wengine wanamcheka kwamba anabishana hadithi, mimi naona ni maoni ya maana sana, ni mshono kati ya picha na hadithi na yeye ameona umefumuka. Inawezekana mtengenezaji alikusudia. Basi aulizwe.

Upande wa kupokea nao. Nilichoamua ni kuamini mahali na kutilia shaka dawa. Mtu aliniandikia kwenye kazi ya mwezi uliopita kwamba bega la kulia lina shida na nilitie giza. Nililitia giza, kazi ikawa mbaya zaidi, nikarudisha. Lakini jicho lake lilikuwa limekwama pale kwa sababu, kwa hiyo niliigeuza picha kama kwenye kioo nikaangalia tena, na kumbe nyuma ya bega kulikuwa na nguzo ya jengo inayoshuka moja kwa moja hadi begani, ionekane imeota humo. Nikaisogeza nguzo. Bega sikuligusa. Nilimrudia nikamshukuru, na nikamwambia nimefanya nini, kwa sababu naona watu wengi wakipewa maoni wanajibu asante na kunyamaza, yule aliyeandika hajui kama alilenga au alikosa, na kesho ataandika vile vile. Kama humrudishii mtu jibu atajifunzaje kutoa maoni?

Na nyinyi mnaojibu kila neno kwa aya mbili za kujitetea, nawapenda, ila mnachosha. Maelezo ya kwa nini umefanya yangekuwa ndani ya picha.

Bado moja kwenye foleni. Ni ya mtu mgeni, nahisi ni kazi yake ya kwanza kwa jinsi alivyotumia kila filta aliyoikuta, wahusika watatu, tai, saa ya mnara, herufi za dhahabu, moshi. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko zote. Kwenye kona ya chini kabisa kuna mkono wa mmoja wa hao wahusika, yule dada mkubwa, umewekwa ili vidole viguse ukingo wa saa, na ameukata kwa uangalifu ambao haupo popote pengine kwenye picha, hata kivuli cha kidole gumba ameweka. Nimemwandikia hivi: "Habari, karibu. Nimeganda kwenye ule mkono unaogusa saa, hasa kidole gumba, mwanga wake na kivuli vimekubaliana. Tai na moshi vilinifanya nichelewe kuuona. Je, uliuanza huo kwanza au uliumalizia? Nauliza kwa sababu ningependa kuona kazi yako nyingine iliyojengwa kuanzia hapo." Sijui kama atajibu, ila nimeshatuma.