Lenzi ya 70-300 ilivyonitoa jasho Mikumi

Nilivyopata hii lenzi ya 70-300 (hizo namba ni milimita, ikiwa kubwa ndo inavuta zaidi vya mbali) nilijua nimemaliza, maana kabla ya hapo nilikua na ile ndogo inayokuja na kamera, 18-55, simba kakaa mita 40 tu we unamtoa kama paka wa jirani. Nikaichukua Kariakoo, yuzd, safari ya kwanza nikaenda nayo mbuga ya Mikumi nikapiga kama picha 600 hivi, kurudi home Morogoro nafungua kwenye laptopu, jamani, nusu nzima zimecheza. Kwenye kioo cha kamera zilikua fresh kabisa, ukikuza jicho la twiga unakuta uji.

Nikampigia kijana aliyeniuzia, nimewaka kweli, namwambia umenipa mzigo mbovu. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Kaka, shata ulikua ngapi?" Nikaangalia hiyo kasi ya kamera kufungua na kufunga: 1/80 ya sekunde. Hapo nimevuta mpaka 300. Akacheka weee. "Lenzi nzima hiyo broo, mkono wako ndo unatetemeka."

Kumbe ukivuta mnyama karibu unauvuta na mtetemo wako pia. Wazoefu wanapima hivi, shata isipungue namba ya lenzi, yani 300 basi 1/300, na kamera yangu ina sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha) ndogo inabidi uzidishe mara 1.5 inafika 450, kwahiyo mi nikishavuta mpaka mwisho sishuki chini ya 1/500, ndege akiruka napanda 1/1600 au zaidi. Ile stabilaiza ya kwenye lenzi inatuliza mkono wako tu, haimtulizi swala anaekimbia, na mimi ndo nilikua naitegemea kwa kila kitu.

Mara ya pili nikajipanga. Nikakata mguu wa jinzi ya zamani, nikajaza maharage kilo mbili, nikashona huku na huku, huo ndo mto wangu wa kulaza lenzi kwenye dirisha la gari (traipodi ndani ya gari ni usumbufu mtupu). Tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Tukifika kwa mnyama namwambia dereva, "Mzee wangu naomba uzime injini," maana gari ikiunguruma mto wote unatikisika. Asubuhi ile mwanga mdogo na lenzi yenyewe kwenye 300 inaishia f/5.6, yani tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya hapo, nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) mpaka 1600, chenga, vile vidotidoti, zikaingia kidogo ila bora chenga kuliko uji.

Pale bwawa la viboko kulikua na yangeyange kasimama juu ya mgongo wa kiboko. Picha za kwanza katoka mweupe pee, unyoya hauonekani hata mmoja, kamera inaona kiboko mweusi inadhani kuna giza inaongeza mwanga. Nikashusha ekspoja, yani kiasi cha mwanga kwenye picha, mpaka -1, unyoya mmoja mmoja ukaanza kutokea, hiyo ndo picha iko kwenye skrini ya simu yangu mpaka leo.

Saa sita mchana nilifunga begi. Joto linapanda kutoka ardhini, twiga wa mbali anachezacheza kama yupo ndani ya maji, hapo hata uwe na lenzi ya bei gani hutoki na kitu, msubiri asogee au ukale.

Maharage mke wangu aliyapika Jumapili. Mguu wa jinzi upo kabatini, safari ijayo naweka mchele.