Kanga Moja Bangkok

Siku ya nne. Kitanda changu ni cha juu, chumba cha watu wanane, baht 250 kwa usiku. Nalala nimejifunika kanga maana kiyoyozi cha humu hakina huruma, na asubuhi kanga hiyohiyo ndiyo taulo. Nikiitupia begani inakauka kabla sijafika kituoni. Joto la huku nalijua, ni la Dar mwezi wa pili.

Dereva mmoja wa bajaji, wao wanaziita tuk-tuk, aliniapia kwamba hekalu la Wat Pho leo limefungwa, bora anizungushe kwingine. Nilishaonywa. Nikapanda boti ya bendera ya chungwa kwenye mto Chao Phraya, baht 16, nikashuka Tha Tien. Hekalu wazi, foleni hiyo! Kiingilio ndicho kilichonichoma: baht 300, kupita kitanda changu. Nilisimama nikipiga hesabu mpaka nikajionea aibu, nikalipa. Kaptula nayo haikufika magotini, basi nikajifunga kanga; mlinzi akaniitikia kwa kichwa, nikapita.

Buddha aliyelala, sanamu ya humo, ana urefu wa mita 46, na nguzo zinamkatakata, humwoni mzima. Kilichonikaa ni sauti. Upande wa mgongoni kwake zimepangwa bakuli 108 za shaba, watu wanapita wakidondosha sarafu mojamoja, kama mvua inayoanza kwenye bati. Sikudondosha, si dini yangu. Ila nilizunguka mara mbili nisikilize.

Mchana nikaenda Bobae kushika boti ya mfereji wa Saen Saep. Konda anatembea ukingoni kwa nje, helmeti kichwani, mkono mmoja kwenye kamba, anadai nauli na boti inakimbia. Maji meusi, yananuka. Anayekaa pembeni ndiye wa kuvuta kamba turubai lipande kuzuia maji, mimi nitajuaje? Jirani akanivutia, kachelewa. Kanga ikapata fungu lake.

Nikashuka Hua Chang, nikaingia vichochoro vya Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Kicham, kabila la Kambodia na Vietnam, mafundi wa hariri tangu zamani. Lugha hatuna, lakini salamu alaikum ilinifungulia mlango. Mama mmoja akaishika kanga yangu, akaisugua kwa kidole gumba, akaigeuza kuona kama rangi imepenya. Akapitisha kidole kwenye maandishi: HASIDI HANA SABABU. Kisha akanisogezea mtandio wa hariri, ambao bei yake sikuthubutu hata kuuliza, na akaivuta kanga upande wake.

Nilisita, nakiri. Lakini nilikata doti, kipande cha pili yuko nacho mama yangu Tanga. Nikamwonyesha vidole viwili, kimoja nikakielekeza mbali. Akacheka, akakunja hariri yake.

Sasa saa tano usiku. Nimeifua kutoa harufu ya mfereji, haijakauka, na kiyoyozi kimeshaanza.