Python moja, madirisha mawili

Jamani nimemaliza jioni tatu nzima kwa kitu ambacho komandi moja ingenionyesha, na nnaandika hapa ili mtu mwengine wa Mombasa alonunua laptopu ya M1 (Mac yenye chipu ya Apple wenyewe, siyo ya Intel) asipite nilipopita mimi.

Mwezi uliopita nlipata MacBook Air ya mkono wa pili, ile ya M1, nkahamisha kila kitu kutoka ile yangu ya zamani ya Intel, mafaili, programu, mipangilio, vyote vikaja na wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu, haina feni hata, na kwa joto hili letu la kaskazi ile ya zamani ilikuwa ikivuma mezani kama pangaboi.

Kazi yenyewe ni skripti, yaani programu ndogo, ya lugha ya Python nlomwandikia dada yangu, ana duka la leso pale Biashara Street. Inasoma faili lake la Excel kwa pandas (laibrari ya Python ya majedwali) halafu inamtolea hesabu ya doti zilobaki, na majina yepi yanakwisha mbio. Sasa Ijumaa usiku naiendesha kwenye iTerm, programu ya dirisha la kuandikia komandi, sawa. Nafungua Terminal ya kawaida, dirisha la komandi linalokuja na Mac, folda ile ile, Python ile ile, inagoma, na chini ya matini marefu ya numpy (laibrari ya hesabu ambayo pandas inaitegemea) kuna hili: "incompatible architecture (have 'x86_64', need 'arm64')". Nkafuta numpy nkainstoli tena papo hapo, Terminal ikakubali. Narudi iTerm, na huko sasa imegoma, maneno yale yale lakini yamegeuzwa, eti ina arm64 inataka x86_64! Hapo ndo nlichanganyikiwa kabisa, nkainstoli Python upya mara mbili, bando ikakata, na dada anapiga simu, "Si uliniambia imekwisha wewe?"

Python haikuwa na kosa lolote. Mac za Intel zinasema lugha ya x86_64, na M1, ilotoka Novemba 2020, ni prosesa ya ARM, inasema arm64, ni lugha mbali kabisa. Ili programu za zamani zisife kuna mtafsiri anaitwa Rosetta 2, na kazi anaifanya vizuri mno, vizuri hadi hujui kama yupo. Lakini hatafsiri nusu nusu: programu ikishaanza kama Intel basi kila laibrari inayoingia ndani yake lazima iwe ya Intel pia, na ikianza kama arm64 ni vivyo hivyo. iTerm yangu ilikuwa ile toleo la zamani la Intel, nlikuja nayo kutoka laptopu ya kwanza, kwa hivyo ilikuwa ikipita kwa Rosetta na kila kinachoanzishwa ndani yake kinafuata njia hiyo hiyo. Na Python ya python.org, tangu 3.9.1, inakuja universal2, yaani zote mbili zimo ndani ya faili moja, basi dirisha hili inaamka Intel, dirisha lile inaamka ARM. numpy yangu ilikuwa ya upande mmoja tu.

Andika `uname -m` kwenye kila dirisha unalotumia. Mimi nliandika kwenye moja tu, nkaona x86_64, nkaanza kudhani nimeuziwa mashini siyo! Anayejibu pale ni dirisha, chipu yenyewe haijaulizwa. Ukitaka kuhakikisha andika `sysctl -n sysctl.proc_translated`, ikitoa 1 uko ndani ya Rosetta, 0 uko mahali pake.

Na pip, kile chombo kinachoinstoli laibrari za Python, inapodaunlodi, tazama jina la faili, mwisho wake limeandikwa macosx fulani halafu arm64 au x86_64 au universal2. Dada yangu hanunui leso kabla hajasoma jina lake, hata pindo liwe zuri vipi, na mimi nimekaa naye dukani miaka yote hiyo lakini faili nlikuwa nachukua tu bila kusoma.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi. Nkatoa orodha ya laibrari kwa `pip freeze`, nkafuta iTerm ya zamani nkaweka mpya, nkafuta folda yote ya .venv, ile inayoweka laibrari za skripti hii (usijaribu kuirekebisha, ifute) nkaunda nyengine kwa `python3 -m venv .venv`, nkainstoli kila kitu tena kwenye dirisha la arm64. Homebrew nayo, ile ya kuinstolia programu kwa komandi, ilikuwa imekaa /usr/local, kwenye M1 inatakiwa iwe /opt/homebrew, nkaiweka huko na ule mstari wa shellenv, unaoliambia dirisha Homebrew iko wapi, nkautia kwenye ~/.zprofile.

Jumatatu asubuhi nkaenda dukani na laptopu, tukaiendesha hapo hapo kaunta, ikafunguka mara moja na hesabu ikatoka. Dada akaipitia mstari kwa mstari na kidole, akasema doti mbili hazimo. Tukazitafuta, zilikuwa zimetundikwa nje mlangoni.