Moshi chini ya bati

Februari ile, Trondheim, Norwe, theluji imefika dirishani, modeli yangu ya kompyuta ilikuwa na siku ya tatu inakokotoa. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu Sleipner, eneo la visima vya gesi kule Bahari ya Kaskazini. Tangu 1996 Wanorwe wanaichuja kaboni dayoksaidi kutoka kwenye gesi asilia na kuisukuma ndani ya Utsira, tabaka la mwamba wa mchanga chini ya bahari, kiasi cha mita 1,000 chini ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni 1 kila mwaka. Modeli yangu iliugawa mwamba huo katika visanduku milioni 2, nami nilijivunia kila kimoja.

Kaka mmoja wa Mtwara, aliyekuwa anasomea shahada ya uzamivu, alichungulia skrini.

"Dogo, unataka ikwambie nini?"

"Hiyo kaboni dayoksaidi itakuwa wapi baada ya miaka 500."

"Kwenu Tukuyu mnapikia kuni? Moshi unakaa wapi?"

Nikaliona jiko la mama. Moshi unapanda, unatanda chini ya bati, halafu unatambaa kufuata mwinuko mpaka kwenye upenyo wa pembeni, pale bati lilipochakaa. Utsira nako gesi hiyo ya kaboni ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yaliyojaa mwambani, na juu yake kuna dari la tope gumu lisilopitisha.

Akachukua ramani yangu ya dari hilo, akaniambia niifikirie imepinduliwa: vilima viwe mabonde. "Mimina maji, yatashuka kama gesi inavyopanda." Kwa kalamu nyekundu akazungushia dimbwi la kwanza, ukingo wake, kisha dimbwi la pili lilikomwagikia. Hesabu yote ya wima ikabaki namba moja tu, unene wa gesi chini ya dari.

Nilibisha, siku tatu za kusubiri haziachwi hivihivi. Shinikizo je? Na vile vijitabaka vya tope katikati ya mchanga, vilivyoitandaza gesi ya Sleipner katika matabaka 9? Alikubali yote mawili. "Hayo iulize modeli kubwa. Ila kwanza jua pa kuuliza."

Jioni ile niliandika programu fupi. Ilimaliza kabla sijafikisha kikombe cha chai mdomoni. Sikuiamini, nikairudia. Nikahamisha kisima cha kusukumia gesi mara kumi na moja, na mara mbili gesi ilifurika ukingoni ikatoka nje kabisa ya ramani.

Saa 4 usiku niliizima modeli kubwa. Ilikuwa imefika asilimia 41.