Muda wa Kufuzu Hautafutwi Barabara Yoyote

Tangu niseme kwamba nimepata muda wa kufuzu marathoni kwa kiti cha magurudumu, swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Mikono haichoki?" Inachoka, tena sana. Lakini kuchoka kwa mikono ni jambo dogo katika habari hii. Kinachokula akili ni kuchagua barabara, kusoma upepo, na kuhakikisha glavu haitelezi kwenye ringi, lile duara la kusukumia gurudumu, hata mvua ikinyesha. Nimewaona watu wenye mabega yanayonizidi kwa mbali wakirudi mikono mitupu kwa sababu tu walijiandikisha mbio zisizofaa.

Kwanza tuelewane ni kiti gani. Si hiki ninachokalia nikiandika. Kiti cha mbio kina magurudumu mawili makubwa yaliyoinama, juu yakikaribiana na chini yakitanuka, na gurudumu moja dogo lililotangulia mbele kabisa. Kwa kanuni, gurudumu kubwa halizidi sentimita 70 pamoja na tairi lililojazwa upepo, kila gurudumu lina ringi moja tu ya kusukumia, na gia ni marufuku. Zile baiskeli za kuzungusha kwa mikono, zenye mnyororo na gia, ni mchezo mwingine kabisa. Huwezi kwenda nayo ukarudi na muda wa kufuzu kitengo chetu.

Mimi huingia kwenye kiti kwa kupiga magoti, miguu imekunjwa chini yangu na kufungwa mkanda, kifua kikilalia mapaja. Katika madaraja ya ulemavu ya mbio za viti, niko T53. Mikono yangu ni mizima, ila misuli ya tumbo na mgongo haina habari na mimi. Mwenzangu wa T54 anaweza kuinua kiwiliwili na kukiangusha juu ya ringi, akaongeza uzito wake kwenye pigo. Mimi nabaki nimelala pale pale. Barabarani mara nyingi tunapangwa kundi moja, na mlima ukianza ndipo ninapoiona tofauti: migongo yao inapanda na kushuka, nami nafanya kazi kwa mabega peke yake.

Ringi haishikwi, inapigwa. Mkono uliofungwa ngumi ndani ya glavu ngumu unaigusa mbele kidogo ya kilele, unaifuata kwa nguvu mpaka karibu na chini, kisha unaiachia na kiwiko kinapanda nyuma kujiandaa upya. Anayeanza hujitahidi kupiga haraka haraka. Kocha wangu hataki kabisa kusikia habari hiyo. Akikaa pembeni ya rola, ile mitambo ya mazoezi ambayo magurudumu huzunguka juu yake kiti kikiwa pale pale, hanitazami usoni wala hatazami saa, anasikiliza. Pigo zuri lina mlio mmoja mfupi, mkavu. Pigo bovu linakwaruza. Akisikia mkwaruzo anasema, "Unaipapasa hiyo. Ipige." Siku za mvua naweza kukaa kwenye rola mpaka jasho la kichwani lifanye kidimbwi sakafuni, na neno lake likawa hilo hilo.

Nasema jasho la kichwani kwa sababu chini ya pale uti wangu ulipoumia silowi. Mwili usiotoa jasho la kutosha hupata joto upesi, na usipokuwa macho unaanza kuona kizunguzungu ukidhani ni uchovu wa kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuanza najimwagia maji shingoni na mikononi, na mrija wa kunywea naufunga karibu na mdomo, maana kila mkono unapoacha ringi ili ushike chupa, kiti kinapungua mwendo. Ngozi nayo inataka ukaguzi. Magoti na vifundo vya miguu vimebanwa muda wote na mimi sisikii chochote, hivyo nikitoka kwenye kiti natazama kwa kioo kama kuna wekundu. Kidonda kidogo cha kubanwa kinaweza kukuweka kitandani muda mrefu kuliko jeraha lolote la bega.

Na bega lenyewe? Dawa yake ni kuvuta. Kazi yetu yote ni kusukuma, kifua kinakaza, mabega yanajikunja mbele. Kila wiki nina siku za mpira wa mazoezi na kamba, navuta tu kurudi nyuma, zoezi linalochosha roho kwa namna lisivyo na raha. Nalifanya hata hivyo. Haya ndiyo mabega ninayohamia nayo kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na sina mengine.

Sasa barabara. Marcel Hug wa Uswisi alishinda mbio za viti za Marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2024 kwa saa 1:15:33, baada ya kugonga uzio kwenye kona. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amemaliza Boston kwa kasi hiyo kwenye kiti. Hata hivyo rekodi ya dunia iliyoandikwa kwa jina lake ni 1:17:47, aliyoiweka Oita, Japani, mwaka 2021. Sababu ni njia yenyewe. Boston inaanzia sehemu moja na kuishia nyingine mbali, tena inashuka kupita kiwango kinachokubalika kwa rekodi. Oita ni mji uliozoea viti: mbio zao za viti vya magurudumu peke yake zilianza mwaka 1981.

Mimi si Hug, lakini funzo ni lile lile. Aendaye kwa miguu, kilima kinamchelewesha kidogo na mteremko unamrudishia kiasi. Kwetu kilima kinakuua na mteremko unakurusha, ila breki ni moja, iko kwenye gurudumu la mbele, na haina nguvu ya kujivunia. Unachopoteza ukipanda hurudishiwi chote ukishuka, hasa kama chini ya mteremko kuna kona. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada nilitazama ramani ya mwinuko, nikahesabu kona kali, nikauliza lami ikoje. Lami chakavu inatetemesha kiti kizima mpaka meno yanagongana, na mwendo unaisha bila wewe kujua umekwenda wapi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: ukishika kilomita 20 kwa saa bila kupungua, kilomita 42.195 zinaisha kwa saa 2, dakika 6 na nusu. Nilihitaji njia ambayo ingeniacha niushike mwendo huo huo, mwanzo hadi mwisho.

Kuna mbio nilizozikataa ingawa zilikuwa tambarare. Waandaaji walitaka tuanze sambamba na wanaokimbia kwa miguu. Kiti kinachoteremka kwa kasi katikati ya watu wanaosimama ghafla kuchukua maji ni hatari kwetu na kwao. Niliwaandikia wakanijibu kwamba "tutakuwa makini". Nikaenda kwingine, kule viti vinapoanza mapema na barabara ikiwa wazi.

Usiku wa kabla ya mbio nilizikagua glavu. Zangu ni za plastiki ngumu zilizoumbwa kufuata ngumi yangu, na pale zinapogusa ringi nimebandika mpira. Ringi nayo imevikwa mpira. Ukikauka mpira kwa mpira, unashikana vizuri. Ukilowa, ni kama kusukuma sabuni. Nilibandua ule wa zamani kwenye glavu ya kulia, ukingo wake ulikuwa umeanza kuinuka, nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi pande zote mbili, nikasubiri ikauke kiasi ndipo nikabandika mpya na kukandamiza kwa kijiko. Gundi ilinuka chumba kizima.

Mvua haikunyesha. Upepo ndio uliokuja, wa mbisho, karibu nusu yote ya pili. Hapo ndipo unapomjua mwenzako. Nilijibanza nyuma ya gurudumu la dada mmoja wa T54, akakata upepo kidogo, kisha akapunga kiwiko kuniita nipite mbele, nami nikakata. Hatukuwahi kuonana kabla ya siku hiyo. Tuliongea maneno mafupi tu: "Shimo!" "Kushoto!" "Njoo, mdogo wangu, usiniache!" Barabara ilikuwa imeinamia upande mmoja, ikikivuta kiti kuelekea mtaroni, ikabidi nirekebishe usukani kwa kugonga kile kichuma cha kuelekeza gurudumu la mbele, pigo dogo la kiganja, kisha mkono urudi kwenye ringi kabla mwendo haujafa. Mstari wa mwisho alinitangulia kwa urefu wa kiti. Sote tulikuwa ndani ya muda.

Baada ya hapo ni makaratasi: matokeo rasmi ya njia iliyopimwa na kuthibitishwa, uthibitisho wa daraja, na tarehe iangukie ndani ya kipindi kinachokubaliwa. Wapo wanaonung'unikia hayo. Mimi namkumbuka Bob Hall, mwanamichezo wa kiti, ambaye mwaka 1975 aliambiwa na waandaaji wa Boston kwamba atapewa cheti akimaliza chini ya saa 3. Akamaliza kwa 2:58. Yeye alilazimika kuthibitisha kwanza kwamba kiti kina haki ya kuwa barabarani. Mimi naulizwa muda tu.

Ombi langu linakwenda Boston, najua, njia ile ile ya mteremko. Kocha tayari amebadilisha ratiba: rola imepunguzwa, sasa ni kuteremka, kulala chini kabisa juu ya magoti, na kujifunza kugusa breki kidogo kidogo bila gurudumu la mbele kuserereka. Kesho asubuhi nabadilisha waya wa breki. Ule uliopo umeanza kuchakaa nyuzi karibu na mpini.