Kabla hujamlipa dula, muulize kwanza usiku simu yake inakaa wapi

Uchungu wa kifungua mimba wangu ulichanganya saa tisa usiku, baba watoto akampigia dula wetu, yaani yule tuliyemlipa aje kukaa na mimi kwenye uchungu, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita ikakata. Ya nne ikapokelewa kwa sauti ya kunong'ona, kumbe mwenzetu yuko leba na mama mwingine tangu jioni, akasema msijali natuma mtu. Na kweli mtu akaja, dada wa watu mpole kabisa, ila mi ndo namwona kwa mara ya kwanza na njia imeshafunguka sentimita 7, hapo hata jina lake haliniingii kichwani, akinigusa mgongo nashtuka. Aliishia kukaa kwenye kiti pembeni kashika chupa yangu ya maji. Hela tulishamaliza kulipa.

Simlaumu sana, maana uzembe ulikuwa wetu. Tulimchagua kwa picha na sifa tu, maswali ya maana hatukuuliza hata moja. Mimba ya pili niliuliza mpaka nikajiona kero.

Kwanza tuwekane sawa dula ni nani, manake mama mkwe aliposikia "dula atakuja leba" alidhani ni Dula wa Abdallah, akataka kujua huyo mwanaume anaingia huko kama nani. Ni neno la Kigiriki, asili yake mtumwa wa kike (kuna wanaofanya kazi hii na jina lenyewe hawalitaki kwa sababu hiyo), na aliyelitumia kwa mtu anayemsaidia mama ni mwanaanthropolojia wa Marekani, Dana Raphael, kwenye kitabu chake cha 1973 kuhusu kunyonyesha. Siku hizi ni mtu aliyejifunza kukaa na mama kwenye uchungu mwanzo mpaka mwisho. Sio mkunga. Hapimi njia, hapimi presha, hasikilizi mapigo ya mtoto, hachomi sindano, hazalishi. Ukikutana na anayekuahidi kukupima njia nyumbani ili usiwahi sana hospitali, mkimbie, huyo kavamia kazi ya watu.

"Sasa kama hayo yote hafanyi, analipwa kwa lipi?" Swali la baba watoto hilo, na halikuwa baya. Jibu nililiona mimba ya pili. Mtoto alikaa vibaya, mgongo wake umeegemea mgongo wangu, kwa hiyo maumivu yote yakahamia kiunoni, nahisi kama mfupa unapasuliwa kwa patasi. Dula akanipigisha magoti nimekumbatia ule mpira mkubwa, akaweka viganja vyake huku na huku kwenye nyonga, uchungu ukianza kupanda anabana kwa ndani kwa nguvu zake zote, ukishuka anaachia. Hasemi kitu. Akichoka anamshika baba watoto mikono anaiweka palepale, "hapa, usisugue, bana tu." Katikati ya uchungu na uchungu mrija uko mdomoni ninywe maji, afu twende chooni hata kama sijisikii haja, maana kibofu kikijaa mtoto anapata shida kushuka. Masaa sita hivyo hivyo. Nesi alikuwa mzuri tu lakini ana wagonjwa wengine, zamu ikabadilika akaja mwingine, mikono kwenye nyonga ikawa ile ile.

Na sio hadithi za mimi na wewe tu. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kuchambua tafiti za afya, mwaka 2017 walikusanya tafiti za wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, wakakuta mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, upasuaji unapungua, dawa za maumivu zinapungua, na wachache zaidi wanabaki na kinyongo na jinsi walivyojifungua. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wake wa 2018 linasema kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ila tusitiane chumvi, muda wa uchungu ulipungua kwa wastani wa kama dakika 40 tu, kwa hiyo dula akikuhakikishia hutapasuliwa au utazaa haraka anakudanganya mchana kweupe. Na huyo mtu wa kukaa naye sio lazima awe wa kulipwa, ukiwa na dada au rafiki mtulivu asiyezimia akiona damu, tayari una kitu.

Haya, maswali. La kwanza kwangu siku zote ni simu. Madula wengi wanakuwa tayari kwa ajili yako kuanzia wiki ya 38 mpaka ya 42, sasa muulize ndani ya wiki hizo ana mama wengine wangapi, usiku simu iko wapi, na likitokea la kutokea nani anakuja badala yake. Afu huyo wa badala MUONANE. Mi yule wa pili nilimwambia kabisa bila kumuona mbadala wako sisaini, akamleta, tukakaa nusu saa tukacheka, hakuhitajika mwisho wa siku lakini nililala usingizi.

La pili, anakuja saa ngapi? Hapa watu wanagombana sana baadaye. Uchungu wa mwanzo mwanzo hauna ratiba, unaweza kukuzungusha siku nzima na zaidi, na hata ukishafika sentimita 5 kwa kifungua mimba masaa mpaka 12 bado inahesabika kawaida. Wengine wanakuja nyumbani mapema, wengine wanakusubiri ufike hospitali, wengine wakishamaliza masaa kadhaa wanapokezana na mbadala, au wanaongeza malipo. Hamna aliyekosea hapo, cha msingi mjue kabla na iandikwe. Iandikwe pia hela ya awali inarudi au hairudi, na ukipangiwa upasuaji au mtoto akatoka kabla yeye hajafika inakuwaje. Kuongea kwa mdomo tu na mtu mnayependana ndo kulikotuponza sisi.

Na kabla ya hela yoyote pigeni simu mnapotarajia kujifungulia, mnaweza mkaambiwa anaingia mtu mmoja tu, na hapo itabidi mchague baba au dula. Kuna wanaoruhusu wawili leba lakini chumba cha upasuaji anaingia mmoja, au haingii mtu kabisa. Wa kwangu alinieleza vizuri, akasema ukienda kupasuliwa baba aingie na wewe, mimi nabaki mlangoni, mtoto akitolewa kupelekwa kwingine baba anamfuata mtoto, mimi ndo naomba kuingia kwako. Mtu aliyeshawaza mpaka hapo unaona kabisa kazi anaijua.

Vyeti? Viulizie, ila ujue sehemu nyingi hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita dula, anaweza kuwa na kozi ya wikiendi moja au miaka kumi ya kukesha. Mi naangalia zaidi anavyowaongelea wakunga na madaktari. Nilimhoji mmoja, kila hadithi yake daktari ni adui, kila ganzi ya mgongoni ni kushindwa. Nikamuuliza je nikiitaka hiyo ganzi? Akatabasamu akasema "hutaitaka." Nikamshukuru nikaondoka. Huyo wa mwisho swali lile lile alijibu "ukiitaka nakaa upande wa kichwa nakushika mikono usitikisike wakati wanachoma." Nikamchukua palepale. Dula haamui kwa niaba yako na wala habishani na daktari, anachoweza ni kukukumbusha kuuliza, faida yake nini, hatari yake nini, tukisubiri kidogo itakuwaje. Na ukitoka damu, au mtoto kaacha kucheza, au kichwa kinauma vibaya na macho yanaona ukungu, usianze kumpigia dula, nenda hospitali, utampigia njiani.

Akina baba sasa, najua mnaona kama mmeajiriwa mtu wa kuwapokonya nafasi. Wa kwangu alinuna wiki nzima. Baadaye aliniambia leba kitu alichokiogopa sio damu, ni kutojua kama vile ninavyolia ni kawaida au nakufa, na yule dada akimwangalia tu anatikisa kichwa kwamba ni kawaida, anapumua. Alipata hata nafasi ya kula na kurudi. Ila dula anayemsukuma baba pembeni simtaki, na hilo utaliona mapema, mkikutana mara ya kwanza angalia kama anaongea na nyie wote au anaongea na tumbo.

Mkutane naye walau mara mbili kabla ya siku yenyewe. Na ulizia kama anakuja baada ya kujifungua, wengi wanakuja mara moja au mbili, wengine wanaona kazi imeisha kondo la nyuma likitoka. Mi nilidhani ile ziara ni ya kunisaidia kunyonyesha tu, na alinisaidia kweli, lakini alikuja na kijidaftari. Kumbe muda wote ule alikuwa anaandika saa na kilichotokea, maana mimi nusu ya usiku ule imefutika kabisa. Akanisomea taratibu mtoto kalala kifuani. Saa kumi na dakika kumi, umesema unaenda nyumbani, umeanza kutafuta viatu. Saa kumi na robo, umemwambia baba asikuguse milele. Saa kumi na dakika kumi na sita, umeuliza mbona ameacha kukushika.